Kamati imekata video kwenye bajeti ya harusi yetu. Je, tutajuta?

Swali: "Jambo papa. Tunafunga ndoa katikati ya Agosti hapa Bukavu, asubuhi kanisani, jioni ukumbini. Mahari ilishatolewa, na komini ya Ibanda, kuandikisha ndoa, tutaenda siku mbili kabla. Kamati ya harusi ilikaa wiki iliyopita. Michango haijafika tulipotarajia, na kitu cha kwanza kukatwa ni video, dola 400. Picha zimebaki. Mchumba wangu anasema video ni anasa, watu wanaitazama mara moja wanaisahau, na binamu yake ana simu nzuri, atarekodi. Mwingine kwenye kamati anasema afadhali tulipe video tuache picha, kwa sababu picha zinaweza kutolewa ndani ya video. Mimi nina nyanya wa zaidi ya miaka 80 ambaye atanibariki siku hiyo, na mama mdogo yuko Kinshasa, hataweza kuja. Rafiki yangu alilipa, akapewa video baada ya miezi minane, nayo ni nyimbo tupu, hakuna neno hata moja la wazee. Sitaki kuanza ndoa kwa deni, lakini sitaki kulia baadaye. Tulipe au tuache?"

Jambo binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno lililonishika si dola 400. Ni nyanya. Umemtaja kana kwamba ni jambo la pembeni, kati ya binamu mwenye simu na mama mdogo wa Kinshasa, lakini kwangu jibu lote limelala hapo. Nikuambie mapema ninapokupeleka: msilipe hizo dola 400 kama zilivyo, na msifute video yote. Lipeni masaa machache, na fedha ya kwanza iende kwenye sauti.

Mchumba wako ana haki kwa kiasi fulani. Video nyingi za harusi hazitazamwi tena. Nimefanya kazi hii ya kameramani miaka kumi na tisa na ninajua video ninazokabidhi zinavyoishi: wiki ya kwanza nyumba nzima inajaa, kisha diski inaingia kwenye sanduku la nguo. Lakini anakosea sababu. Video inasahauliwa inapokuwa na vitu ambavyo picha imeshavionyesha: gauni, keki, magari ya msafara, watu wanaotembea polepole juu ya muziki wa mtu mwingine. Video yenye maneno ya watu wenu haisahauliki. Inakaa miaka mitano bila kuguswa, halafu siku moja inatafutwa usiku kwa tochi.

Mwaka wangu wa tatu nilirekodi harusi moja Kadutu. Umeme ulikatika kabla ya hotuba, wakawasha jenereta nyuma ya ukuta, kama mita tatu kutoka meza ya maharusi. Kamera yangu ilikuwa mwisho wa ukumbi juu ya miguu yake mitatu, kwa sababu nilitaka keki ionekane vizuri. Nyanya wa bibi harusi akainuka, akamshika mjukuu wake kifundo cha mkono, akasema naye kwa mashi, lugha ya wenyeji wa hapa, kama dakika nne. Picha ilitoka safi kabisa. Hata leo naona bangili yake ya shaba ikipanda na kushuka mkononi, na midomo yake inavyokwenda. Zaidi ya mwaka baadaye wale maharusi walikuja kwangu na mtoto mchanga. Nyanya alikuwa amefariki, na katika ile baraka alikuwa ametaja jina la mtoto wa kwanza. Mashangazi walikumbuka majina mawili yanayofanana, kila mmoja na lake. Tulikaa jioni tatu tukisikiliza kwa zamu kwenye visikizi. Tulisikia silabi ya kwanza, na baada yake jenereta. Kosa lilikuwa langu, na tangu mwaka ule sirekodi tena harusi bila mikro karibu na anayesema.

Nikueleze kwa nini jambo hili linatokea, maana ndilo lililompata rafiki yako pia, na kameramani wengi hawalisemi. Mikro iliyo juu ya kamera, au ndani ya simu, inasikia kutoka pale ilipo. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi. Mtu akisema na mikro iko sentimita 20 kutoka mdomoni, na kamera iko mita 8, umbali umezidi mara 40, na sauti yake inaifikia kamera ikiwa chini kwa desibeli 32 hivi. Jenereta haijapungua. Bafle za sono, yaani spika za ukumbi, hazijapungua. Watoto wanaokimbia kati ya viti hawajapungua. Ndani ya ukumbi kuna la ziada: kuta za saruji na mabati zinarudisha kila sauti, na mwangwi unajaza nafasi kati ya neno na neno. Kanisani ni hivyo hivyo. Kwenye katedrali ya Notre-Dame de la Paix, chini ya kuba lile, kwaya inapendeza sana, lakini neno la padri likirekodiwa kutoka nyuma linafika limeshachanganyika na neno lililolitangulia. Hakuna montaji, yaani kazi ya kukata na kuunganisha video, inayotenganisha hayo vizuri. Ukipandisha sauti ya nyanya, umepandisha na jenereta. Programu za kusafisha kelele zipo, nazitumia kila wiki. Zinaondoa mngurumo, na pamoja nao zinaondoa nusu ya sauti ya mzee anayesema taratibu. Ndiyo maana montaji ya rafiki yako ilijaa nyimbo. Aliyeitengeneza hakuwa na kitu kingine cha kuweka.

Dawa yake si ghali. Ni kinasa sauti kidogo kinachoingia mfukoni, chenye mikro ya kubana kwenye nguo, na kingine kinachochomekwa kwenye meza ya sono ili kipokee moja kwa moja kila anayeshika mikro ya ukumbi. Viwili, kwa sababu kimoja kinaweza kuishiwa betri. Baadaye kwenye montaji sauti hiyo inalinganishwa na picha. Mtu yeyote unayetaka kumpa kazi, muulize kabla ya kitu kingine chochote: "Sauti ya hotuba utaichukua wapi?" Akikuonyesha mikro iliyo juu ya kamera yake, mshukuru, uendelee kutafuta.

Sasa binamu na simu yake. Sitaki kumdharau. Mchana, nje, mbele ya ziwa, simu nzuri inatoa video ambayo wengi wenu hamtaitofautisha na yangu. Shida inaanza jua likizama. Kihisi kinachopokea mwanga ndani ya simu ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwenye kamera kubwa ya harusi kina milimita 36 kwa 24. Gizani kihisi kidogo kinapata mwanga kidogo, simu inauongeza kwa nguvu, na nyuso zinajaa chembechembe kama mchanga. Tena simu inajipangia mwanga yenyewe kwa kutafuta wastani wa kila inachokiona. Gauni jeupe likijaza kioo, inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa bwana harusi mwenye suti nyeusi unazama. Ikiuona uso, inaongeza, na gauni linageuka karatasi nyeupe isiyo na ushonaji. Mtu anayejua kazi anapima uso, anafunga kipimo hapo, na hakigusi tena.

Na binamu ni mwanafamilia. Hilo ndilo kubwa kuliko kihisi. Ataitwa kupiga picha na wajomba, atapewa sahani, atainuka kucheza, na ana haki ya vyote hivyo. Simu itaita katikati ya kiapo. Mkono utachoka dakika ya kumi. Mkimpa kazi, mpeni kazi moja, si harusi nzima. Video ya HD kwenye simu nyingi inakula kati ya megabaiti 60 na 130 kwa dakika, kwa hiyo masaa matatu ni gigabaiti 11 hadi 23. Awe na nafasi hiyo kabla ya kutoka nyumbani, aweke simu kwenye hali ya ndege, aitegemeze kwenye kitu, na aishike imelala, si imesimama.

Yule wa kamati anayesema mtoe picha ndani ya video, mwambieni kwa heshima kwamba haitawezekana. Fremu moja ya HD, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ina nukta milioni mbili tu. Ya 4K, ubora ulio juu ya HD, inafika milioni nane, na kamera ya picha ya kawaida inatoa milioni 24. Lakini hata nukta zisingekuwa tatizo. Video inapiga fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu inabaki wazi kama sehemu ya hamsini ya sekunde ili mwendo uonekane laini machoni. Ukiisimamisha fremu hiyo, mkono unaotia pete ni ukungu. Picha ya fotografe imegandishwa kwa flashi. Ni kazi mbili tofauti, na mkilazimika kuchagua moja kati yake kwa siku nzima, mimi kameramani nakuambia chagueni picha. Picha inatundikwa ukutani bila umeme na bila kifaa, na mjukuu wenu ataiona bila kuuliza mtu.

Mengine mtakayosikia, nayapita haraka. Droni: bila kibali kilichoandikwa cha wenye mamlaka msikubali irushwe, mji wetu si mahali pa kujaribu kitu kama hicho juu ya vichwa vya wageni. 4K: faili zinakuwa kubwa, karibu gigabaiti 45 kwa saa kwenye kamera nyingi, na kwenye televisheni ya sebuleni wengi wenu hamtaona tofauti. Trela, yaani video fupi ya dakika tatu, ni nzuri kwa kutuma, lakini isiwe ndiyo mnayolipia. Na kuna wanaosema video ya mahari ni ushahidi wa ndoa mbele ya sheria. Hapana. Sheria ya Familia (Code de la famille) ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka ndoa iandikishwe kwa ofisa wa hali ya kiraia, na karatasi mtakayotoka nayo komini ndiyo inayowalinda, wewe hasa. Itunzeni kuliko video.

Kuhusu mama mdogo, mpangieni mtu mmoja mwenye simu yenye chaji na megabaiti za intaneti, ampigie kwa WhatsApp wakati wa baraka na wa kiapo. Lakini msihesabu kwamba mazungumzo hayo ni kumbukumbu, maana mtandao ukilegea picha inaganda na hakuna kinachobaki. Baada ya harusi mtumieni kipande cha baraka kama dokumenti, si kama video ya kawaida, kwa sababu WhatsApp ikipokea video inaibana na kuipunguza ubora. Kama dokumenti inapita jinsi ilivyo, hadi gigabaiti 2.

Tuje kwenye fedha. Kama kulipa video kutawafanya mkope, au kutagusa kodi ya nyumba ya miezi yenu ya kwanza, acheni, na nasema hivi nikijua ninajinyima mteja. Mkifika hapo, bado kuna njia ambayo inagharimu kidogo sana na ninaiheshimu: kodisheni vinasa sauti viwili kwa siku moja, mumpe mtu makini asiye wa meza kuu, awashe kimoja nyumbani asubuhi na kingine ukumbini. Sauti peke yake. Maharusi wanaporudi kwangu miaka ikipita, wanakuja kuomba sauti. Keki hajaniuliza mtu.

Lakini kama kuna nafasi ya kupunguza mahali pengine, rudini kwa yule kameramani. Hizo dola 400 huenda ni za siku nzima, kamera mbili, droni na trela. Mwombeni bei ya masaa manne, kamera moja, vinasa sauti viwili, bila droni, bila trela, maneno yote ya hotuba yakiachwa mazima. Mimi kwa kazi ya namna hiyo naomba karibu nusu ya bei ya siku. Masaa manne hayo yasifuatane. Saa moja nyumbani asubuhi, unapoaga wazazi. Hapo ndipo watu wanasema mambo ambayo hawatayarudia mbele ya ukumbi, na ningependa nyanya akubariki hapo, kwenye chumba kitulivu, mlango umefungwa, mkiwa watu wachache. Saa moja kanisani, kuanzia kabla ya kiapo. Masaa mawili ukumbini, hotuba zikiwa kabla ya chakula, si baada, kwa sababu baada ya chakula sono inapanda na wazee wanachoka. Mwombeni mshereheshaji apange hivyo na asiguse muziki mtu anapoongea. Atalalamika. Msimamie.

Ziwani msipeleke masaa hayo, labda dakika kumi tu. Hapa kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mwanga wa baada yake haufiki nusu saa. Agosti tena kuna vumbi na moshi wa mashamba, milima ya ng'ambo inafifia. Mkifika ufukweni saa kumi na moja mtapata rangi nzuri. Misa ikichelewa, fotografe awapige watu wachache na mwende zenu.

Mwambieni mwenye ukumbi jenereta ikae mbali na meza kuu, upande wa nyuma, na waya mrefu. Si kelele tu. Taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kuzimika mara mia kwa sekunde, kufuatana na umeme wa hetzi 50. Jicho halioni, kamera inaona. Jenereta isiyotulia inayumbisha hesabu hiyo, na kwenye video mistari ya giza inapanda ukutani. Kameramani mzuri anaweza kuitawala kidogo kwa kubadilisha kasi ya kamera, lakini mwenye jenereta nzima anamsaidia zaidi.

Kuhusu miezi minane ya rafiki yako: wiki sita hadi nane ni muda wa haki. Mtu lazima atazame kila dakika aliyorekodi, alinganishe sauti, akate, na asubiri kompyuta, umeme ukikatika arudie. Miezi minane, huenda kameramani alichukua harusi nyingine juu ya ile ya rafiki yako. Andikeni karatasi, nakala mbili, sahihi mbili: masaa, majina ya watu ambao hotuba zao lazima ziwemo, tarehe ya kukabidhi, avansi (malipo ya kwanza) isizidi nusu, salio siku ya kupokea. Mwandike pia kwamba mtapewa video ghafi zote, zile ambazo hazijakatwa, kwenye diski yenu, na kwamba hakuna kitakachowekwa mtandaoni bila ruhusa. Hili la mwisho ninalisisitiza. Video ya wageni wakitoa bahasha, na mlango wa nyumba yenu ukionekana, si kitu cha kuonyesha watu msiowajua nyakati hizi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulifanya kwa maandishi, na msilimalize kwa simu. Nendeni kukaa na huyo kameramani ana kwa ana. Mwombe harusi nzima aliyoifanya ukumbini usiku, si trela. Chukua visikizi, nenda moja kwa moja kwenye hotuba ya mzee, funga macho dakika mbili. Ukielewa maneno, mpe kazi. Kisha nendeni naye ukumbini saa moja jioni, saa ile ile ya harusi, muone taa na mahali pa jenereta.

Na ikitokea ajali baada ya harusi, kadi imefutwa au haisomeki, msirekodi tena kitu chochote juu yake. Kufuta mara nyingi kunaondoa orodha tu, picha zenyewe bado ziko mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Itoeni kwenye kamera au simu, muifunge kwenye karatasi, muipeleke siku hiyo hiyo kwa fundi anayejua kurudisha data. Msijaribu programu za bure nyumbani.

Kabla ya yote hayo, wiki hii, nenda kwa nyanya. Muulize kama angependa kukubariki asubuhi nyumbani au jioni mbele ya watu, na kwa lugha gani. Akichagua jioni, mketishe upande usio na bafle, na mikro mwache ashikiwe na mtu mwingine, mkono wake ubaki huru kukushika wewe.